Ukingo Juu ya Dari

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumb. 22:8, Kut. 21:28–36, Kut. 22:6, 2 Sam. 23:13–17, Mt. 4:5–7, Flp. 2:25–30, Mdo. 27, Mdo. 28:1–11.

Fungu la Kukariri: Kumbukumbu la Torati 22:8. Lisomwe kwa sauti kutoka katika Biblia, polepole, kwa kuwa ni fupi na kila neno lake lina kazi.

Alhamisi, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kiliondoka Bugorora, katika kisiwa cha Ukerewe, kikielekea kisiwa cha Ukara ndani ya Ziwa Victoria. Ilikuwa siku ya gulio. Watu walikuwa wakirudi makwao na bidhaa walizonunua. Kivuko kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Kilipokuwa karibu kabisa na gati la Ukara, kilipinduka. Zaidi ya watu 220 walikufa, na taifa la Tanzania likaomboleza siku nne. Waliokufa peke yao walizidi mara mbili ya idadi iliyoruhusiwa kupanda.

Ni vigumu kumwazia abiria hata mmoja aliyepanda siku ile akiwa na nia ya kumdhuru jirani yake. Kila mmoja alikuwa mtu mmoja tu, na uzito wake ulikuwa mdogo mbele ya chombo kikubwa kama kile. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutaka kufika nyumbani jioni ile. Hata hivyo maji hayakuwapima mmoja mmoja. Wenye mitumbwi waliokuwa karibu ndio waliowahi kwenda kuokoa, na vijiji vya Ukara vikazika watu kwa siku kadhaa mfululizo. Waliobaki na watoto yatima hawakuulizwa kama walikubali kivuko kijazwe.

Watu husema, “Hayo ni maisha yangu, nikifa nimekufa mimi.” Maandiko hayalichukulii neno hilo kwa wepesi. Torati ina sheria juu ya dari, ng'ombe, shimo na moto, na katika kila sheria Mungu anauliza maswali mawili: nani alijua, na nani atalipa?

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Dari la Mgeni

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Amri hii inatolewa kwa nani, na inatakiwa itimizwe lini?

Dari linalotajwa hapa si lile la ndani ya chumba. Ni paa tambarare la nyumba ya Kiebrania, ambalo lilikuwa kama chumba kingine kisicho na kuta. Rahabu alianika kitani juu yake na kuwaficha wapelelezi humo (Yos. 2:6). Samweli alizungumza na Sauli darini (1 Sam. 9:25). Wakati wa Nehemia watu walijenga vibanda vya sikukuu juu ya madari yao (Neh. 8:16), na Petro alipanda darini mwa nyumba ya watu wengine huko Yafa ili kusali (Mdo. 10:9). Watu walilala huko wakati wa joto. Watoto walicheza huko. Kwa hiyo ukingo haukuwa pambo.

Tazama mambo mawili katika amri hii. Kwanza, inamhusu mtu anayejenga nyumba mpya. Mungu hasubiri mtu aanguke ndipo atoe sheria. Anasema na mjenzi wakati mawe bado yanapangwa na fedha bado inahesabiwa, yaani wakati ule ule ambapo ukingo huonekana kuwa gharama isiyo ya lazima. Nyumba bila ukingo inakaa vizuri, haivuji, na pengine hakuna atakayeanguka kwa miaka kumi. Mtu akiuacha ukingo, fedha aliyookoa inaonekana leo. Hatari yake haionekani.

Pili, ukingo haukujengwa kwa ajili ya mwenye nyumba peke yake. Mwenye nyumba anajua dari lake linakoishia hata gizani. Asiyejua ni mgeni, mtoto wa jirani, au fundi aliyeitwa kwa siku moja. Mtu anayesema “mimi sijawahi kuanguka hapa” anasema kweli, lakini amejibu swali ambalo amri haikuuliza.

Fungu linasema kwamba damu ya aliyeanguka itakuwa juu ya nyumba. Hakuna hakimu anayetajwa, wala faini, wala idadi ya fimbo. Pengine ndiyo maana amri hii ni nzito. Hata kama wazee wa mji wangeamua kwamba mgeni alijitakia, nyumba ile mbele za Mungu ingekuwa na damu.

Inafaa kukumbuka pia kwamba amri hii imepangwa mara tu baada ya amri ya kiota cha ndege (Kumb. 22:6, 7). Mungu anayemwangalia ndege akilalia mayai yake hawezi kushindwa kuona ngazi isiyo na kishikio katika jengo la kanisa, au waya wa umeme uliofungwa kwa kipande cha nailoni nyuma ya jukwaa la kwaya.

Zunguka nyumbani kwako leo kwa macho ya mtoto wa miaka mitatu, au ya mzee asiyeona vizuri. Ni wapi ambapo “hakujaanguka mtu bado”?

JUMATATU
Ng'ombe Aliyezoea Kupiga

Soma Kutoka 21:28–32. Kuna tofauti gani kati ya ng'ombe wa fungu la 28 na ng'ombe wa fungu la 29?

Katika habari ya kwanza, ng'ombe anampiga mtu kwa pembe na kumwua. Ng'ombe anauawa kwa mawe, nyama yake hailiwi, na mwenyewe anaachiliwa. Amepoteza mali, lakini hana hatia. Katika habari ya pili ni pembe zile zile na kifo kile kile. Mwenye ng'ombe ndiye aliyebadilika: huyu alikuwa ameambiwa. Majirani walikuja wakamweleza kwamba mnyama wake ni mkali, naye hakumfungia. Sasa uhai wake mwenyewe uko hatarini, na kama ataruhusiwa kulipa fidia, atalipa yote atakayotozwa.

Sheria hii ni ya haki kwa namna ya kushangaza. Haimlaumu mtu kwa jambo ambalo hakuna aliyeweza kulijua. Lakini ikishakuwepo taarifa, ule usemi wa “ni ajali tu, ni mapenzi ya Mungu” unaondolewa kinywani mwa mwenye ng'ombe. Mwenye gari aliyeambiwa na dereva wake kwamba breki zinashika kwa kuchelewa, naye akajibu “maliza kwanza safari za wiki hii,” anasimama mahali pa fungu la 29. Na dereva aliyejua akaendelea kupakia abiria? Darasa lijadili, si rahisi kumwacha pembeni.

Soma sasa fungu la 33 na la 34, kisha Kutoka 22:6.

Aliyechimba shimo asilifunike, mnyama wa mtu akatumbukia, atalipa. Aliyewasha moto ukashika miiba na kuunguza nafaka ya jirani, atalipa. Mkulima wa leo anaujua moto huo. Anachoma majani ya shamba lake mwenyewe, ndani ya mipaka yake, mchana kweupe. Kisha upepo unageuka. Torati haiulizi kama alikuwa na ruhusa ya kuchoma shamba lake. Ruhusa alikuwa nayo. Inauliza moto uliishia wapi.

Hali kadhalika shimo. Katika miji mingi inayokua, kokoto na mchanga huchimbwa, kazi ikiisha wachimbaji huondoka, na mvua hulijaza shimo. Watoto huja kuogelea. Faida ya kokoto ilikwenda kwa mmoja, na shimo likabaki kwa wote. Musa angemwita huyo mmoja kwa jina lake.

Fungu la 35 na la 36 hupitwa haraka na wasomaji wengi. Ng'ombe wawili wakipigana na mmoja akafa, nao hawakujulikana kuwa wakali, wenyewe wanauza aliye hai na kugawana fedha, kisha wanagawana na mfu pia. Hasara inagawanywa kwa kuwa hakuna aliyekosa. Lakini ikijulikana kwamba yule aliyeua alikuwa na mazoea, hakuna kugawana tena. Mwenye kujua anabeba yote. Kwa hiyo Biblia haisemi kwamba kila msiba lazima awe na mkosaji. Iko misiba ya kugawana tu.

JUMANNE
Maji ya Bethlehemu

Soma 2 Samweli 23:13–17. Je, Daudi alitoa amri gani kwa mashujaa wake?

Daudi hakutoa amri yoyote. Alikuwa pangoni, wakati wa mavuno, Wafilisti wamepiga kambi na jeshi lao liko Bethlehemu, mji wa kwao. Akatamani. Akasema kwa sauti kile ambacho mtu yeyote mwenye kiu hukisema: laiti angepata maji ya kisima kile cha langoni. Hakumtaja mtu, wala hakutoa ahadi ya zawadi. Lakini waliomsikia walikuwa watu waliompenda, na kwao neno la mkubwa lilitosha. Watatu wakapenya katikati ya jeshi, wakachota, wakaleta.

Basi Daudi alipoyapokea maji yale aliona kitu ambacho viongozi wengi hawakioni mpaka wawe makaburini. Hakuona maji. Aliona damu ya watu watatu. Akayamwaga mbele za Bwana.

Wengine wamemlaumu kwa kuyamwaga: watu wamehatarisha uhai wao, naye anamwaga! Lakini kama angekunywa, mashujaa wengine wangejifunza kwamba hii ndiyo njia ya kupendwa na mfalme, na kesho yake wangekwenda watano. Kwa kuyamwaga alifunga njia hiyo.

Fikiria Ijumaa moja jioni. Kwaya imekodi basi dogo kwenda makambini. Wamechelewa kuondoka, kama kawaida. Mwimbaji mmoja alisubiriwa, spika hazikupakiwa kwa wakati. Jua linashuka. Kiongozi hamwambii dereva avunje sheria, hata kidogo. Anasogea mbele na kusema kwa upole, “Kaka, tukifika kabla ya Sabato kuingia tutashukuru sana.” Dereva anaelewa. Yeye si Mwadventista, anataka kukodiwa tena, na malipo bado hajamaliziwa. Anaongeza mwendo. Nyuma, watu 38 wamekaa katika viti 29, wanaimba juu ya nyumbani mwa mbinguni.

Nani aliyehatarisha maisha yao? Kiongozi alitaka kutunza amri ya nne. Dereva alitaka kumpendeza mteja. Watoto waliopakatwa hawakutaka kitu chochote, waliletwa tu. Likitokea la kutokea, wazee wa kanisa watasimama na kusema kwamba watumishi hawa wamekufa wakiwa katika kazi ya Bwana, na hakuna atakayeuliza juu ya viti 29.

Sabato inaweza kupokelewa kando ya barabara, gari likiwa limeegeshwa mahali salama, kwa wimbo mmoja na sala fupi. Inaweza pia kupokelewa ndani ya basi linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Mungu aliyeiamuru Sabato ndiye aliyeamuru pia, katika mbao zile zile mbili, kutokuua.

Je, ni nani anayesikiliza matamanio yako kama amri: mtoto, mfanyakazi wa nyumbani, kijana wa bodaboda, mwanafunzi? Umewahi kuuliza ni kwa gharama gani jambo ulilotamani lilipatikana haraka?

JUMATANO
Juu ya Kinara cha Hekalu

Soma Mathayo 4:5–7. Shetani alitumia Maandiko gani, na Yesu alijibu kwa Maandiko gani?

Ahadi aliyoitaja Shetani ni ya kweli. Iko katika Zaburi ya 91, na wagonjwa na wasafiri wameitegemea kwa vizazi vingi. Yesu hakusema kwamba malaika hawawezi kumdaka mtu. Alisema ni dhambi kumjaribu Mungu, akinukuu Kumbukumbu la Torati 6:16, ambako Musa anawakumbusha Israeli habari ya Masa, walipodai Mungu athibitishe kama yupo kati yao.

Kuruka kutoka kinarani kungekuwa na ngazi ya kushukia pale pale. Hilo ndilo linalofanya tendo lile liwe la kujaribu na lisiwe la imani. Shadraka, Meshaki na Abednego hawakuitafuta tanuru. Waliingizwa, baada ya kukataa jambo moja tu. Danieli hakwenda kutembelea simba. Esta alikwenda kwa mfalme bila kuitwa, akijua anaweza kufa, lakini kabla ya kwenda aliomba watu wafunge siku tatu, akavaa mavazi ya kifalme, akasimama mahali ambapo mfalme angemwona. Aliyekuwa tayari kufa hakuacha hata tahadhari moja.

Soma Wafilipi 2:25–30. Epafrodito alihatarisha maisha yake kwa ajili ya nini?

Paulo anamsifu Epafrodito kwa kuhatarisha uhai wake, na anaagiza watu wa namna hiyo waheshimiwe. Kwa hiyo Biblia haiwasifu waoga. Mkunga anayevuka mto uliofurika usiku kwa sababu kuna mama anayejifungua upande wa pili, na yule aliyepiga mbizi pale Ukara kutafuta watu asiowajua, wako katika safu ya Epafrodito. Lakini tazama hatari yake ilikuwa kwa ajili ya nani. Alijitoa ili kutimiza huduma ambayo Wafilipi hawakuweza kuifikisha wenyewe. Yeye alibeba hatari, wengine wakapata faida. Katika mizaha mingi ya barabarani mambo yamegeuzwa: mmoja anapata raha ya upepo usoni, na hatari inabebwa na wengine.

Kijana anapanda bodaboda bila kofia ngumu. Kofia ipo, imening'inizwa kwenye usukani, kwa sababu ya joto, au kwa sababu ina jasho la abiria aliyetangulia. Anasema Mungu ndiye mlinzi. Akianguka na kuumia kichwa, atalala hospitalini bila fahamu, na huenda asihisi chochote. Atakayehisi ni mkewe, anayelala kwenye sakafu ya wodi. Ni baba yake, anayeuza ng'ombe, kisha nusu ekari. Ni mwendesha bodaboda mwenyewe, ambaye pikipiki ni ya mkopo. Ni kanisa, linalotangaza mchango kwa Sabato ya tatu mfululizo. Ni mgonjwa mwingine ambaye kitanda chake kimechukuliwa. Wote hawa walikuwa wamepakiwa kwenye pikipiki ile, ingawa mtu aliyeitazama ikipita aliona watu wawili tu.

Pamoja na hayo, kanisa linapaswa kuchanga. Hakuna mahali ambapo Kristo alimponya mtu baada ya kuchunguza kwanza kama ugonjwa ulikuwa kosa lake mwenyewe. Aliyepona na ajue tu kwamba kilichomlipia kilitoka katika mifuko ya wajane.

Utatofautishaje kati ya kumtegemea Mungu na kumjaribu Mungu katika safari yako ya juma hili?

ALHAMISI
Watu 276

Soma Matendo 27:1–20. Nani aliyeamua merikebu iondoke Bandari Nzuri, na kila mmoja alikuwa na sababu gani?

Luka alikuwamo ndani ya merikebu ile, naye anaandika kama mtu ambaye hakusahau. Siku ya kufunga ilikuwa imekwisha kupita, maana yake Siku ya Upatanisho. Mwaka ulikuwa umeingia katika majira ambayo mabaharia wa Bahari ya Kati walijua si ya kusafiri. Hii haikuwa siri wala ufunuo. Ilikuwa kanuni ya bahari. Paulo, ambaye alikuwa amekwisha kuvunjikiwa na merikebu mara tatu kabla ya safari hii (2 Kor. 11:25), alionya waziwazi kwamba wangepoteza shehena, chombo na maisha yao.

Akida alisikiliza nahodha na mwenye merikebu. Kwa juu juu ni uamuzi wa busara: wao ndio wataalamu, Paulo ni mfungwa. Lakini mwenye merikebu alikuwa na ngano ya Aleksandria ndani, na ngano isiyofika Rumi haina faida. Bandari Nzuri haikuwa nzuri kwa kukaa wakati wa baridi. Tena walio wengi walikubali, asema Luka katika fungu la 12. Kisha upepo wa kusini ukavuma polepole, wakadhani wamepata walichotaka. Safari nyingi za kuhatarisha huanza hivyo, na asubuhi nzuri. Waliopanda MV Nyerere hawakupanda katika dhoruba.

Hata hivyo mwenye merikebu anastahili neno moja la heshima: fungu la 11 linamwonyesha akiwa pale pale pamoja na nahodha, na yaelekea alisafiri nao. Karne ya 19 huko Uingereza mambo yalikuwa tofauti. Wenye meli wengine walipakia vyombo vibovu kupita kiasi, wakavikatia bima, nao wakabaki nchi kavu. Meli ikizama, bima ililipa. Mabaharia walizama nayo, na baharia aliyetia sahihi mkataba kisha akakataa kupanda aliweza kutiwa gerezani. Mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, alipiga kelele bungeni mpaka sheria ya mwaka 1876 ikaamuru kila meli ichorwe alama ubavuni kuonyesha mwisho wa shehena. Lakini sheria ile ilimwachia mwenye meli mwenyewe achague mahali pa kuichora! Ilichukua miaka mingine zaidi ya kumi kabla alama hiyo haijawekwa kwa vipimo vya serikali, mwaka 1890. Ule mstari uliochorwa ubavuni mwa meli ni ndugu wa ukingo wa Kumbukumbu la Torati, na historia yake inaonyesha ni kwa nini Mungu hakumwachia mjenzi aamue mwenyewe kama ukingo unahitajika.

Soma Matendo 27:21–44. Nani walitaka kujiokoa kwa gharama ya wengine?

Dhoruba inafunua watu. Mabaharia, ambao ndio wenye ujuzi, wanajifanya wanatupa nanga huku wakishusha mashua ili watoroke (fungu la 30). Askari, walioruhusu safari, wanashauriana kuwaua wafungwa wasije wakakimbia (fungu la 42). Katika pande zote mbili gharama ya uamuzi mbaya inasukumwa kwa wale ambao hawakuulizwa. Mfungwa aliyefungwa minyororo hakupiga kura Bandari Nzuri. Sasa ndiye wa kwanza kutakiwa afe.

Paulo naye anakumbusha kwamba walipaswa kumsikiliza (fungu la 21). Anasema hivyo mara moja, kwa sentensi moja, kisha harudii tena. Baada ya hapo anawatia moyo, anazuia utoro wa mabaharia kwa kumwambia akida ukweli, anachukua mkate na kushukuru mbele ya wote, anawashurutisha wale. Watu 276 walikuwamo, na Mungu alikuwa amempa Paulo wote, pamoja na nahodha, mwenye merikebu, na askari waliokuwa wakipanga kumwua. Aliyeonya akapuuzwa ndiye aliyewaombea waliompuuza. Huu ni mfano mgumu kwa mtu yeyote aliyewahi kusema, “Niliwaambia!”

Wote walifika nchi kavu, wengine juu ya mbao. Merikebu ilikwisha, ngano ilikwisha. Je, hasara iliishia hapo? Soma Matendo 28:1–11. Mvua ilikuwa ikinyesha na baridi ilikuwa kali, na wenyeji wa Melita wakawasha moto. Watu 276 wakakaa kisiwani miezi mitatu. Hakuna mtu wa Melita aliyekuwapo katika kikao cha Bandari Nzuri. Hawakumjua mwenye merikebu wala hawakuwa na fungu katika ngano yake. Kuni zao ndizo zilizoteketea, na wakati wa kuondoka wakapakia vitu ambavyo wageni wangehitaji njiani.

IJUMAA
Kujifunza Zaidi

Soma katika kitabu cha Ellen G. White, Matendo ya Mitume, sura inayoeleza safari ya Paulo na kuvunjika kwa merikebu. Na katika Tumaini la Vizazi Vyote, sura ya 13, juu ya jaribu la kinarani.

Waliofika kwa miguu kwenye pango la Adulamu, waliokula mkate mikononi mwa Paulo, na waliosubiri majeneza Ukara, wote walikuwa na ndugu waliowategemea. Wakati wa kujadili, kumbuka kwamba huenda katika darasa lako yumo aliyepoteza mtu katika ajali, au aliyekuwa kwenye usukani. Ongea kama mtu anayejua hivyo.

Maswali ya Kujadili:

1. Linganisha ng'ombe wa Kutoka 21:28 na wa fungu la 29. Toeni mifano ya mambo ambayo kanisa lenu “limekwisha kuambiwa” kuhusu jengo, vyombo vya usafiri au kambi ya vijana, lakini hayajafanyiwa kazi. Nani aliambiwa, na lini?

2. Watafuta Njia wanakwenda kambini karibu na mto. Wazazi wametia sahihi karatasi ya ruhusa. Je, sahihi hiyo inahamisha damu kutoka juu ya nyumba ya mwenye kambi? Jibuni kwa kutumia Kumbukumbu la Torati 22:8.

3. Kijana maskini anasema hawezi kusubiri kivuko kinachofuata, kwa kuwa akilala upande huu hana nauli ya chakula wala pa kulala. Kupanda chombo kilichojaa ni hatari yake, lakini je, ni uamuzi wake peke yake? Ni nani aliyeweza kumjengea ukingo hapo?

4. Paulo alishindwa kuwashawishi walio wengi. Ungefanya nini kama ungekuwa mfungwa mwenzake, umefungwa naye, na merikebu inang'oa nanga?

5. Wenyeji wa Melita walilipa gharama ya kosa lisilo lao, na Luka anawasifu kwa wema wao. Mwenye merikebu hatajwi tena baada ya Bandari Nzuri. Mnadhani alipaswa kuwaambia nini watu wa kisiwa kile kabla ya kuondoka?